Nyimbo za Kihispania zafikaje namba moja Marekani, ama ni Bieber tu?

kijana_wa_kibokoni:
Assalam aleikum wakubwa. Hapa Mombasa harusini ukipigwa wimbo wa Despacito hata kina mama wazima wainuka na leso zao, na hakuna ajuaye neno moja la Kihispania. Sasa mwenzangu ashikilia kuwa Fonsi na Daddy Yankee waloimba wimbo huo hawakufika popote kwa nguvu zao, eti Justin Bieber, yule mwimbaji wa Kanada, ndo alowapandisha kwenye chati za Marekani, bila yeye wangebaki kwao Puerto Rico. Mimi nakataa lakini sina hoja za kumjibu. Hizi chati za Billboard, lile jarida la muziki la Marekani, zahesabu nini hasa, na mbona nyimbo hizi zapanda kule ambako watu waongea Kiingereza?

santuri_na_kanda:
Waaleikum salaam. Mwenzako ana haki nusu. Despacito ilitoka Januari 2017, na Bieber hajaigusa ilikuwa ishashika namba moja kwenye Hot Latin Songs, chati ya nyimbo za Kilatini, na ishaingia Hot 100, ile chati kubwa. Rimiksi yenye sauti yake ikatoka Aprili, wimbo ukaruka kutoka 48 hadi 9, Mei ukafika namba moja na ukakaa wiki 16, sawasawa na rekodi ya wakati huo ya Mariah Carey na Boyz II Men. Kwa hivyo alichofanya Bieber ni kuwafungulia redio za Kiingereza, hilo tusimnyime.

Kuhusu hesabu, Hot 100 yachanganya redio, mauzo na watu wanaosikiliza mtandaoni. Na Februari 2013 YouTube nayo ikaanza kuhesabiwa, hapo ndo mambo yalipobadilika kwa sababu zamani mtangazaji wa redio akiamua hapigi wimbo wa Kihispania basi umekwisha, lakini mtu akiwa na simu yake hamngoji mtangazaji. Hiyo chati ya Kilatini nayo mpaka 2012 ilihesabu redio peke yake, kisha wakaingiza mauzo na mtandao na redio za kila aina. Angalia tofauti: La Tortura ya Shakira mwaka 2005 ilikaa juu wiki 25 na watu wakastaajabu, Bailando ya Enrique Iglesias ikakaa 41, Despacito 56! Ukilinganisha namba za zamani na za sasa lazima ukumbuke kipimo si kimoja.

dijei_majengo:
Mimi napiga muziki maharusini na naongezea hivi, kabla ya Despacito ilikuwepo Macarena. Los del Río ni wazee wa Hispania, wimbo wao wa 1993, kisha Bayside Boys wa Miami wakautia sehemu za Kiingereza na ukapanda polepole wiki 33 mpaka ukafika namba moja 1996, ukakaa 14. Kwa hivyo hii njia ya kutia Kiingereza kidogo ni ya zamani. Lakini La Bamba ya Los Lobos ilishika namba moja 1987 kwa Kihispania kitupu, mwambie mwenzako ajibu hiyo.

Halafu watu wausahau mdundo. Biti ya regeton, muziki wa kina Daddy Yankee, ina asili ya Jamaika, ikapitia Panama ikaenda kukomaa Puerto Rico, na ukiipiga baada ya chakacha watu hawakai chini, viuno vyaendelea tu. Na sisi masikio yetu yalizoea zamani, santuri za Kikuba za mfululizo ulioitwa GV zilisikilizwa Afrika tangu miaka ya 30, Wakongo wakazichukua wakatoa rumba yao, na rumba ndo hiyo tulolelewa nayo.

bint_wa_likoni:
Kaka mwambie mwenzako jina moja tu, Bad Bunny. Haimbi Kiingereza. Desemba 2020 albamu yake El Último Tour Del Mundo ikawa ya kwanza ya Kihispania kitupu kuongoza Billboard 200, chati ya albamu, na 2022 Un Verano Sin Ti ikakaa juu wiki 13. Spotify nako aliongoza dunia nzima miaka mitatu mfululizo, 2020, 2021 na 2022. Bieber yuko wapi hapo?

Kinachoniuma mimi ni wenye nyimbo. Lambada ya Kaoma ilitikisa Ulaya 1989, na ile ni Llorando se fue ya Los Kjarkas wa Bolivia, ilichukuliwa bila ruhusa mpaka wakaenda mahakamani. Hata Waka Waka ya Shakira kiitikio chatoka kwa Golden Sounds wa Kameruni, Zangalewa, 1986. Wimbo ukipanda chati watu waangalie na nani aliutunga.

kijana_wa_kibokoni:
Shukran sana nyote. Dijei, hiyo La Bamba namtumia usiku huu huu. Bint wa Likoni, Zangalewa ndo naiskiza saa hii, kumbe kiitikio ni kile kile!

santuri_na_kanda:
Ukimaliza itafute Llorando se fue yenyewe. Yaenda taratibu zaidi na ina filimbi za milimani, mimi naipenda kuliko ya Kaoma.