Fulu wa Ziwa Victoria katika tangi la lita 112: nitumie maji gani, na niwatie lini?

Mpenda Fulu, Kisumu

Salamu kwenu nyote. Fundi wa vioo amenitengenezea tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kimo cha 40, yaani lita 112 likijaa hadi ukingoni. Badala ya kununua samaki wa kigeni, ningependa kufuga fulu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwa sababu watoto wangu wanawajua mbuta (sangara) na ngege (tilapia) wa sahanini, lakini hawajawahi kumwona fulu dume mwenye rangi zake kamili. Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Je, nitumie maji ya bomba, ya mvua au ya ziwani? Tangi la ukubwa huu linatosha fulu wangapi? Na nikishalijaza maji, ningoje muda gani kabla ya kuwatia samaki?

Mkaazi wa Dunga

Ndugu yangu, nimefurahi kuona mtu wa Kisumu akimfikiria fulu kwanza. Naomba nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo litakaloamua kama samaki wako wataishi.

Tangi lenye maji maangavu, pampu na changarawe bado haliko tayari kupokea samaki. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yakioza huongeza amonia hiyo hiyo. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kundi jingine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia hadi utakapobadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao hushikamana na sifongo ya kichujio, mchanga na mawe, na kwa kawaida huhitaji wiki 4 hadi 6 ili waongezeke vya kutosha. Kwa hiyo washa kichujio usiku na mchana, tia chembe chache za chakula kila siku ingawa hakuna samaki, na upime maji. Amonia na nitraiti zikipanda kisha zote mbili zikarudi sufuri, tangi limekomaa. Ukimpata jirani mwenye tangi la siku nyingi lisilo na ugonjwa, mwombe kipande cha sifongo yake, nawe utaokoa wiki kadhaa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu fulu hupenda maji yenye pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji, ambapo 7 ni katikati) ya juu kidogo, kati ya 7.5 na 8.5, na hapo ndipo amonia huwa kali zaidi. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25, katika pH ya 7 sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1. Katika pH ya 8 hufika takriban asilimia 5, na katika pH ya 9 huzidi theluthi moja. Tangi changa ambalo samaki wa maji laini, yaani yenye madini machache na pH ya chini, wangelivumilia kwa shida linaweza kuwaua fulu wote.

Kuhusu idadi, chagua aina moja tu ndogo, ambayo haizidi sentimita 10, uweke dume mmoja na majike wanne au watano. Madume wawili katika sentimita 80 watapigana hadi mmoja afe. Panga mawe yenye mapango pande zote mbili, ili jike anayefukuzwa apate pa kujificha. Usichanganye aina mbili za fulu, hata kama madume wao wanavutia kwa rangi tofauti: majike hufanana mno, na aina nyingi huweza kuzaliana. Ziwani kwenyewe jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi, na watafiti walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba maji yakichafuka hata mwanga usipite vizuri, mpaka huo kati ya aina na aina hufifia. Ukikumbuka kwamba mbuta, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, aliongezeka mno katika miaka ya 1980 na kuchangia kutoweka kwa aina nyingi za fulu, utaona kwa nini naona uchungu mtu anapozichanganya ovyo aina zilizobaki.

Kabla ya kuwatafuta, zungumza na uongozi wa ufuo na afisa wa uvuvi wa kaunti. Wavuvi wa ndoano za mbuta huwatumia fulu kama chambo, hivyo huenda ukawapata walio hai. Chukua waliovuliwa kwenye maji ya kina kifupi, kwa maana aliyevutwa ghafla kutoka kilindini huvimba kibofu cha hewa na mara nyingi haponi.

Bonde la Ufa, Nakuru

Naongeza kuhusu maji. Ya bomba ndiyo yanayofaa zaidi kwako, mradi uyaache kwenye pipa lililo wazi kwa siku moja au mbili, huku pampu ya hewa ikiyavuruga, ili klorini itoke. Kama yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, njia hiyo haitoshi, na utahitaji dawa ya kuiondoa. Maji ya mvua hayana madini ya kutosha, hivyo pH yake huyumba. Yachanganye na ya bomba, na usikinge mvua ya kwanza, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya mabati. Ya ziwani yaache kabisa, pamoja na konokono na magugu yake, kwa sababu konokono wa ziwa hilo hubeba kichocho, nawe utakuwa ukitia mkono tangini kila wiki.

Huku kwetu hali ni ngumu zaidi. Maji ya visima vingi yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na usiku baridi huyashusha maji ya tangi chini ya nyuzi 20, kwa hiyo bila hita fulu hawafai. Kisumu mna bahati ya joto. Umeme ukikatika, nunua pampu ya hewa ya betri, kwa maana bakteria wa kichujio huhitaji oksijeni kama samaki wenyewe.

Mpenda Fulu, Kisumu

Asanteni sana. Nitaanza na tangi tupu kama mlivyoshauri. Je, sifongo ikiziba, naweza kuiosha bombani? Na jike akibeba mayai mdomoni, nimtenge?

Mkaazi wa Dunga

Usiioshe bombani, kwa sababu klorini itawaua bakteria uliowangoja wiki zote hizo. Ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini siku ya kubadilisha robo ya maji.

Jike hubeba mayai kwa takriban wiki 2 hadi 3, na muda huo karibu hali kitu. Mhamishe taratibu katika siku za mwisho, kwa kuwa akishtuka mapema huyatema au kuyameza. Akishawaachia wanawe, mlishe peke yake siku chache apate nguvu kabla ya kumrudisha kwa dume. Wana wakizidi nafasi, wape wafugaji wenzako. Usiwapeleke ziwani, kwani ugonjwa uliojificha tangini utaingia nao.