Chupa ya zambarau imeganda, seramu imetoka nyekundu: shida iko wapi?

Mwanagenzi_Vihiga
Wataalamu, hamjambo. Niko kwenye mafunzo ya afya ya mifugo huku Vihiga, chini ya daktari. Damu ya ng'ombe wanne wa gredi ilipelekwa kupimwa ndigana (magonjwa ya kupe) na brusela (ugonjwa wa kutupa mimba). Majibu: chupa mbili za EDTA (zile za zambarau, zenye kemikali ya kuzuia damu isigande) zina mabonge, na seramu (maji yanayobaki damu ikiganda) ya chupa nyekundu, isiyo na kemikali hiyo, imekuwa nyekundu kweli. Damu ilitolewa shingoni kwa sindano ya geji 21 na bomba la ml 10, kisha ikagawanywa kwenye chupa. Tunarudia wiki hii, tubadilishe nini? Pia, buparvaquone (dawa ya ndigana kali) mnadunga wapi, na kiasi gani pahali pamoja?

Maabara_Nakuru
Geji 21 iachie mbuzi (namba ya geji ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba). Kwa ng'ombe mzima tumia geji 18 ya inchi moja hadi moja na nusu. Tundu likiwa jembamba na bomba likavutwa kwa nguvu, chembe nyekundu hupasuka, na rangi yake ndiyo hiyo mnayoiona kwenye seramu. Zinapasuka pia ukisukuma damu kupitia sindano kuingia kwenye chupa (ng'oa sindano, fungua kizibo, acha damu iteremke ukutani mwa chupa), ukidunga kabla spiriti haijakauka kwenye ngozi, au chupa ikigusa barafu. Damu nzima (isiyotenganishwa) haiwekwi kwenye friza hata siku moja.

Mabonge chanzo chake ni muda. Damu ikikaa bombani wakati mnahangaika na vizibo, inaanza kuganda humo humo, na EDTA haiyeyushi bonge lililokwisha fanyika. Jaza nyekundu kwanza, zambarau mara moja baadaye, kisha pindua ya zambarau taratibu mara 8 hadi 10. Usitikise. Ijaze mpaka kwenye mstari: damu ikiwa kidogo, EDTA inazidi, chembe zinasinyaa, na PCV (kipimo cha sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) inasomeka chini kuliko ilivyo. Wala usihamishe damu ya zambarau kwenda nyekundu. Haitaganda, na vipimo vya kalisi na potasiamu vitaharibika.

Nyekundu isimame wima kivulini mpaka igande vizuri, saa moja hivi, ndipo iingie kwenye kisanduku cha baridi, huku barafu imefungwa kwa gazeti. Seramu itenganishwe mapema.

Mkifanya peke yenu, achaneni na shingo, tumieni mkia. Ng'ombe akiwa kwenye krashi (kizuizi cha kumbania mnyama), inua mkia wima kabisa, papasa mfereji wa katikati upande wa chini, kati ya pingili mbili, karibu na pale mikunjo ya ngozi inapoishia. Choma wima mpaka uguse mfupa, rudi nyuma kidogo, ndipo uvute polepole. Ukitoa, bana kwa pamba kama dakika moja.

Vet_Kisumu
Naongeza la ndigana. Homa ikiwa ndiyo imeanza, damu peke yake inaweza kukosa vijidudu vya ndigana kali. Vuta majimaji kwenye tezi iliyovimba chini ya sikio au mbele ya bega, uyapake kwenye slaidi hapo hapo. Kwa ndigana baridi na ugonjwa wa mkojo mwekundu, paka tone la mshipa mdogo wa ncha ya sikio. Tandaza jembamba, likauke kwa hewa, litie methanoli, andika namba kwa penseli maana methanoli inafuta wino. Slaidi zisikae pamoja na barafu wala karibu na fomalini.

Na muulize mkulima kama ng'ombe ameshachomwa OTC (antibiotiki ya oxytetracycline). Huku kwetu duka la dawa hutangulia daktari, na sampuli ya baada ya dawa inaweza kutoka safi ilhali mnyama bado ni mgonjwa.

Njoro_Mifugo
Buparvaquone ni ya msuli wa shingo: kiganja kimoja mbele ya bega, chini ya kano nene ya juu, juu ya mifupa ya shingo. Matakoni hapana, kuna neva kubwa ya mguu. Dawa ya mg 50 kwa ml hupewa ml 1 kwa kila kilo 20. Ng'ombe wa kilo 400 ni ml 20, kwa hiyo pande mbili, ml 10 kila upande. Uzito upime kwa utepe wa kifuani. Kukisia kwa macho ndiko kunakoleta dozi pungufu. Vuta bomba nyuma kabla ya kusukuma. Ukiona damu, toa, uchome pengine.

Sindano moja kwa ng'ombe mmoja. Ndigana baridi husafiri kwa sindano kama inavyosafiri kwa kupe. Sindano iliyokwisha choma isirudi kwenye chupa ya dawa. Siku za kutouza maziwa zimeandikwa kwenye lebo, mkulima aambiwe kabla hujadunga.

Mwanagenzi_Vihiga
Asanteni sana. Jirani ana ndama aliyekufa ghafla usiku, damu nyeusi inatoka puani na haigandi. Nichukue sampuli kabla hajazikwa?

Maabara_Nakuru
USIMGUSE, na asipasuliwe wala kuchunwa. Hizo ni dalili za kimeta, kile kile kilichoua nyati Hifadhi ya Ziwa Nakuru mwaka 2015. Mzoga ukifunguliwa, vijidudu hupata hewa na kugeuka mbegu zinazodumu udongoni miaka mingi. Mwambie daktari wako sasa hivi apigie afisa wa mifugo wa kaunti, yeye ndiye atakayechukua damu ya sikio akiwa na glavu. Mbwa wafungwe, nyama isiliwe, na aliyekwisha kuushika mzoga aende hospitali leo.