Naomba ushauri: mwili umetulia, lakini yaliyonipata utotoni bado yananisumbua

Ndugu zangu, nina miaka 34, na kwa miaka 9 nilikuwa mtumiaji wa unga, yaani heroini. Huu ni mwezi wa 14 tangu nianze methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini ambayo Tanzania ilianza kuitoa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na kila asubuhi nakwenda kliniki kunywa dozi yangu mbele ya muuguzi. Arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, imeondoka, nami nashukuru sana kwa hilo.

Kilichobaki ni kile kilichonipeleka kwenye unga. Nililelewa na ndugu wa marehemu baba aliyenipiga na kunifungia stoo usiku kucha, na mpaka leo mlango ukibamizwa natetemeka na kutokwa jasho, mtu mzima mwenye mke na mtoto. Mshauri nasaha wangu, ambaye namwamini, ameniomba tuanze kuyazungumza hayo taratibu. Nataka, ila naogopa kwamba nikikifukua kidonda hiki kiu itarudi, kwani zamani kila nilipokumbuka nilikimbilia maskani, kijiweni kwetu watumiaji.

Mliopitia tiba ya mazungumzo mkiwa bado kwenye dawa, mlijikinga vipi siku zile ngumu baada ya kikao? Je, mke wangu nimweleze sasa, au nisubiri? Zaidi ya yote, naomba mnieleze mlianzaje kujikubali, maana mtaani bado naitwa teja, na nikijitazama kwenye kioo nami hujiita hivyo hivyo.