MREJESHO: Kahawa ya kukaanga Mbeya, mauzo yanapanda ila hela haionekani

Wakuu, niliwauliza kwa nini biashara yetu changa ya kukaanga kahawa ya Mbozi inauza zaidi kila mwezi, halafu mshahara wa vijana wawili unatushinda. Asanteni sana, mmetuokoa.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye uzito. Kahawa ikikaangwa hupoteza maji: kilo 10 zinatoka 8.3 hivi. Tukinunua kilo kwa 10,000, tulipanga bei kwa hiyo hiyo 10,000, kumbe iliyokaangwa inatugharimu karibu 12,050, kabla ya mkaa, pakiti na nauli. Kila kilo ilitoka na hasara, kwa hiyo kuuza zaidi kulituumiza zaidi. Sasa tunapima baada ya kukaanga, kila mkaango, na kuandika daftarini.

Pili, mali kauli, yaani kuacha mzigo dukani ulipwe baadaye. Maduka ya Mwanjelwa, hapa Mbeya, sasa yanapata pakiti 12 tu, za kulipwa ndani ya siku 7, na mzigo mpya haushuki kabla ule wa zamani haujalipwa. Mawili yamekataa, tumeyaacha.

Pakiti kuvimba pia kumeisha: kahawa inapumzika siku nzima kwanza itoe hewa, ndipo tunafunga.

Bado mshahara wa mwezi huu umechelewa siku 4, lakini umelipwa wote.