Nimenasa mawimbi ya ajabu: niripoti serikalini au watayafukia? Ushauri wenu wakuu

Wa Paani: Wakuu, usingizi sina. Sahani yangu ya antena, amplifaya ya masafa ya haidrojeni na RTL-SDR (kipokezi cha redio cha USB) vinanasa mawimbi, kwenye skrini ni mstari mwembamba, umenyooka, kila usiku. Nikiripoti si wataficha? Roswell kule Marekani, kinachosemwa ni sahani ya wageni, walificha miaka mingapi! Masafa sitaji, kwa usalama wangu.

Omu Hamsini: Kilichofichwa Roswell 1947 ni maputo ya mradi wa siri wa Mogul, ya kusikilizia majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Jeshi la anga la Marekani lilisema lenyewe 1994. Kilichomo kambini kinafichika, ila anga haina geti. BLC1, ile ishara iliyonaswa na darubini ya redio ya Parkes, Australia, kutoka upande wa nyota ya Proxima Centauri, ilivuja magazetini Desemba 2020 wachambuzi hawajamaliza kazi. 2021 ikabainika ni mitambo yetu sisi wanadamu. Taja masafa.

Dada Zuhura: Kuchelewesha wanaweza lakini. Setilaiti za kijeshi za Marekani, Vela, zilinasa mlipuko wa miale ya gama Julai 1967, ikachapishwa 1973.

Cheka Tu: Wapige miaka ya nuru 4 waje waongee na USB ya Kariakoo? 😂

Mzee Kobe: Vijana, mcheni Mungu. Siri za mbinguni si za kuchokonoa.

Omu Hamsini: Mleta mada, fanya hivi. Chomoa kebo kwenye RTL-SDR, funga terminata ya omu 50 (kizibo cha kuziba tundu la antena). Mstari ukibaki, unatoka ndani ya kifaa au kwenye kompyuta. Ukipotea, rudisha kebo: elekeza sahani kwenye shabaha dakika 5, pembeni dakika 5, mara tatu. Ukionekana hata pembeni, ni wa hapa hapa duniani. Na tunza data ghafi: kwa sampuli milioni 2.4 kwa sekunde ni MB 4.8 kila sekunde, kama GB 17 kwa saa. Skrinishoti haichambuliki.

Wa Paani: Data ghafi nilifuta, diski ilijaa. Haya basi, ni 1440.000 MHz, saa 3 kamili usiku, mwezi mzima sasa. Picha nimeshampa jamaa wa YouTube, anairusha Jumamosi. Msinilaumu, ukikaa kimya ndiyo unafukiwa.

Omu Hamsini: Kristali ya RTL-SDR, ile inayopiga mapigo ndani yake, ni 28.8 MHz, na vizidisho vyake huvuja na kuonekana kama ishara. Zidisha mara 50 upate jibu lako. Cheki na 1411.2, hiyo ni mara 49.

Dada Zuhura: Halafu nyota huwahi karibu dakika 4 kila siku. Kwa mwezi mzima ilitakiwa iwe imefika saa 1 usiku. Saa 3 kamili kila siku ni saa ya binadamu.

Cheka Tu: Ngojeni. Kristali haina zamu, inapiga muda wote kifaa kikiwa na umeme. Sasa hii ya saa 3 inatoka wapi? Hii chai, tena ya maziwa.

Wa Paani: Chai gani? Saa 3 ndiyo nawasha kompyuta.

Cheka Tu: 😂😂😂

Mzee Kobe: Nilisema.

Omu Hamsini: Basi si chai, ni kifaa. Tafuta ile terminata, ya plagi ya SMA dume, ujaribu kabla ya Jumamosi. Hata kanuni za SETI (wanaotafuta viumbe wenye akili angani) za 1989 zilitaka uthibitishe kwanza, kutangaza baadaye.

Wa Paani: Nitajaribu. Ila jamaa ameshatengeneza jalada la video, kaweka na sahani inayoruka. Akiniuliza masafa nimtajie?