Kinyama kwenye uume wa farasi mzee: ni saratani? Na wenzake niwapime?

Mtunza_Farasi_Mufindi
Wadau habari zenu. Nahudumia farasi shamba moja huku Mufindi. Kuna dume mzee, alihasiwa zamani, ngozi ya sehemu zake ni ya waridi. Juzi namwosha govi nikagusa kinyama kama koliflawa, kinavuja damu na kinanuka. Nasikia kuna virusi vya papiloma vya farasi, aina ya 2, vinavyohusishwa na saratani ya hapo. Vimeenea kiasi gani? Na wenzake anaolala nao banda moja niwapime? Huyu mzee nampenda mno, nisaidieni.

Dakt_Mifugo_Mbeya
Pole sana ndugu yangu. Kwanza mwite daktari akate kipande, akitie kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, kikasomwe kwa darubini. Usingoje kirusi kithibitishwe. Kinyama kikiwahiwa kinaweza kukatwa kikaisha. Kikifika kwenye tezi za kinena, kazi inakuwa ngumu.

Virusi hivyo hukutwa mara nyingi sana ndani ya saratani ya uume wa farasi. Ila hata farasi wazima, sehemu yao ndogo, wanavibeba bila kidonda chochote. Idadi inategemea umepima nini: pamba iliyopanguswa, ule uchafu unaoganda govini, au nyama yenyewe. PCR, kipimo cha maabara cha kutafuta vinasaba vya kirusi, inanasa hata chembe chache, kwa hiyo inakuambia kirusi kipo, si kwamba ndicho kinacholeta uvimbe. Uzito uko kwenye RNA (nakala zinazotolewa jeni ikiwa inafanya kazi) ya E6 na E7, jeni za kirusi zinazochochea saratani: ikionekana ndani ya seli za uvimbe, kirusi kiko kazini.

Wenzake usiwapime. Mzima akikutwa navyo utabaki na hofu tu, maana dawa ya kuviua haipo. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu, uwakague govi kila mara, hasa wazee.

Mama_Punda_Usangu
Shikamoo daktari. Punda wangu ana vinyama sikioni na kwapani. Ndiyo hivyo hivyo?

Dakt_Mifugo_Mbeya
Marahaba mama. Hapana, hizo huenda ni sakoidi, uvimbe wa ngozi wa farasi na punda. Zinahusishwa na virusi vya papiloma vya ng'ombe, aina ya 1 na 2. Tafadhali usizikwangue wala kuzikata mwenyewe nyumbani, hurudi kwa kasi kubwa zaidi.

Mtunza_Farasi_Mufindi
Asante sana daktari. Nimeshampigia wa Mafinga, anakuja kesho asubuhi na fomalini yake. Nitamwomba ashike na tezi za kinena.