Namna ya kumfikia mwandishi wa habari za teknolojia tukiwa Pemba

Kijana wa Chake ameuliza:

Assalaamu alaykum. Sisi ni vijana wa Chake Chake, na tumetengeneza huduma inayowapa wakulima wa mwani bei za wanunuzi kwa ujumbe mfupi wa simu. Taarifa kwa vyombo vya habari, ambayo nimeiambatisha hapa, tumeipeleka kwa barua pepe Unguja na Dar es Salaam, lakini hatujajibiwa. Ndugu zetu mnaofanya kazi ya uhusiano kwa umma, mwandishi anataka nini hasa?

Afisa Uhusiano, Mjini amejibu:

Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Taarifa yenu inaanza hivi: «Suluhisho bunifu la kidijitali linalowaunganisha wadau wa uchumi wa buluu.» Mhariri akifika hapo hajajua bado kuna jambo gani jipya, na ana barua nyengine nyingi zinazomsubiri. Iandikeni hivi: «Mkulima wa mwani wa Micheweni sasa anaweza kujua bei ya kilo ya mwani wa aina ya kotoni na wa aina ya spinosamu kabla mnunuzi hajafika pwani.» Nani, wapi na kwa faida gani, yote yamo, na mtangazaji wa redio anaweza kuisoma kama ilivyo.

Jambo la pili ni kuchagua mtu. Msiipeleke taarifa moja kwa anwani ishirini kwa mkupuo. Someni kwanza aliyoyaandika mwandishi mmoja, kisha mwandikieni yeye kwa jina lake, kwa aya mbili, mkimweleza kwa nini jambo hili linawahusu wasomaji wake. Tangu mpango wa Silicon Zanzibar, wa kuzivutia kampuni za teknolojia zije Zanzibar, ulipozinduliwa mwaka 2022, macho ya wengi yameelekea Fumba, kule Unguja. Ninyi mnacho ambacho ofisi za Fumba hazina, nacho ni mkulima mwenyewe akiwa pwani na simu yake mkononi. Mwombeni ridhaa, kisha mpeni mwandishi nafasi ya kuzungumza naye bila ya ninyi kusimama pembeni mkimsahihisha.

Mwandishi, Wete amejibu:

Naunga mkono, na naongeza upande wetu. Nitakapokupigia simu saa nane mchana, habari yangu inafungwa jioni; jibu la kesho asubuhi, hata likiwa zuri namna gani, halitanisaidia. Teueni msemaji mmoja anayeijua huduma ndani na nje. Jitayarisheni pia kwa swali ambalo nitaliuliza kwa vyovyote: namba za simu za wakulima zinahifadhiwa wapi, na nani anaweza kuziona? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, kwa hiyo msemaji wa kampuni ya teknolojia anayebabaika hapo hunitia shaka na mengine yote aliyoyasema.

Kijana wa Chake amejibu:

Ahsanteni sana. Je, inafaa kuomba tuisome habari kabla haijatoka?

Mwandishi, Wete amejibu:

Hapana, ndugu yangu, uamuzi huo ni wa mhariri. Lakini unaweza kuniomba nikusomee takwimu na maelezo ya kitaalamu ili tuhakikishe hayakukosewa, na mimi hufanya hivyo kwa furaha. Kosa likitokea baada ya kuchapishwa, nipigie mimi kwanza, unitajie sentensi yenyewe na uniletee ushahidi wake. Kulalamika mitandaoni kabla ya hapo huchelewesha masahihisho.